Pikipiki moja, kazi mbili: shajara ya kilomita 9,618

Kabla ya kununua

Kwa wiki tisa nimetembea na daftari dogo mfukoni. Kila nilipotoka nyumbani niliandika nimekwenda wapi, kilomita ngapi, kwenye barabara ya namna gani, na nimebeba nini. Nilianza zoezi hili kwa sababu kila nilipojiuliza nataka pikipiki gani, akilini ilinijia milima, mabegi ubavuni na barabara isiyo na mtu. Daftari limenionyesha mambo mengine. Katika safari 108 nilizoandika, 90 ni za kwenda kazini na kurudi, kilomita 23 kila upande, na sehemu kubwa ya hizo ni foleni. Nyingine 16 ni za hapa na pale. Za mbali ni mbili tu.

Safari hizo mbili ndizo ninazozikumbuka kwa furaha, na sitaki kuziacha. Ila mwili wangu na muda wangu vinaishi katika zile 90. Kwa hiyo nimejiwekea sharti moja kabla ya kuanza: pikipiki iwe moja, ifanye kazi zote mbili, na pale kazi hizo zitakapogombana, ya kila siku isikilizwe kwanza. Shajara hii ni ya kuona kama sharti hilo litasimama nikiwa mbali na nyumbani, mzigo ukiwa nyuma na mvua ikiwa mbele.

Nimezijaribu aina nne. Sitaji chapa ya niliyoichukua, maana ninayoandika yanahusu aina ya pikipiki na namna ya kuishi nayo, na mwenye chapa nyingine atayakuta hayohayo.

Ya silinda moja, cc 250, kilo 150 hivi, ilikuwa raha tupu mjini. Inageuka pale ulipo, unaisukuma kwa mkono mmoja. Lakini silinda moja hupata mlipuko mmoja tu kila injini inapozunguka mara mbili, na ukikaa kwenye mwendo wa 100 kwa dakika arobaini, mtikisiko wake unaingia viganjani na kubaki humo hata baada ya kushuka. Ya silinda moja ya cc 400 ilitulia zaidi kidogo, ila kwenye mlima mrefu na mtu nyuma ilibidi nishuke gia mara kwa mara. Ya cc 650, silinda mbili za umbo la V, ilipanda mlima bila kuombwa, na tenki la lita 20 lilinivutia sana. Tatizo nililiona uani, injini ikiwa imezimwa: kuirudisha nyuma kwa miguu kwenye mteremko mdogo kulinitoa jasho. Nafanya hivyo kila asubuhi, siku 5 kwa wiki.

Ya nne ni ya silinda mbili sambamba, karibu cc 500, kilo 197 ikiwa na mafuta. Haikunishangaza kwa lolote, na baada ya nusu saa nilisahau kwamba niko kwenye majaribio nikaanza kuangalia mandhari. Nikarudi na jibu.

Kilomita 18,412. Siku ya kununua

Ni ya mkono wa pili, na kilomita ninazoandika juu ya kila ingizo ni za mita yake. Nilimwomba muuzaji asiiwashe kabla sijafika, kwa sababu injini iliyokwisha kupata moto huficha mengi. Nilishika bomba la moshi kwa kiganja, lilikuwa baridi. Iliwaka mara ya kwanza, ikatulia ndani ya dakika moja, moshi wa buluu hakuna.

Kisha nikaiweka kwenye stendi ya kati, nikaomba mtu aikandamize nyuma ili gurudumu la mbele liinuke, nikageuza usukani polepole kutoka upande hadi upande. Hapo ndipo beringi za usukani husema hali yake. Zikiwa zimekwisha, usukani hunasa katikati kama umeingia kwenye shimo dogo. Hizi zilipita laini. Nikashika gurudumu la nyuma juu na chini, nikalitikisa, halikucheza.

Yaliyonipunguzia furaha ni matatu. Mafuta ya breki yalikuwa na rangi ya chai iliyokolea. Hunyonya unyevu wa hewani, ndiyo maana hubadilishwa kila baada ya miaka miwili hata kama pikipiki imelala tu. Cheni ilikuwa na kutu pembeni. Na matairi yalionekana mapya kwa kimo cha kashata zake, vile vinundu vya mpira vinavyogusa barabara, lakini ubavuni yaliandikwa 2316, yaani wiki ya 23 ya mwaka 2016. Mpira wa umri huo hukakamaa, na kwenye lami iliyolowa hauna mshiko wa kutegemea. Nilimweleza muuzaji, tukapunguziana, nikaondoka nayo polepole sana hadi kwa fundi.

Fundi wangu ni mzee wa maneno machache. Aliizunguka mara mbili, akakwaruza tairi kwa ukucha.

“Kijana, haya usiende nayo popote.”

“Hata kazini, mzee?”

“Kazini ndiko utakakowahi kuanguka.”

Matairi mapya, mafuta mapya ya breki, oili na filta. Cheni alisema tuipe muda tuone.

Kilomita 18,977

Wiki mbili za kazini. Magoti hayalalamiki, ila kiganja cha kulia kinakufa ganzi nikifika kilomita ya 15. Nilidhani ni mtikisiko. Leo nimekaa kwenye kiti bila kuiwasha, nikafumba macho, nikanyoosha mikono kama ninavyoendesha, kisha nikafumbua na kuangalia: vidole vyangu vilikuwa juu ya mikono ya breki na klachi, wala havikulingana nayo. Mikono ile ilifungwa kwa kimo cha mtu mwingine, na mimi nimekuwa nikikunja kifundo siku nzima ili kuifikia.

Kazi yenyewe ni boli moja kila upande. Nililegeza, nikashusha hadi mstari wa mkono wangu ukawa mmoja kutoka kiwiko hadi ncha za vidole, nikakaza. Nikausogeza usukani wenyewe nyuma kidogo sana, kisha nikageuza kushoto na kulia hadi mwisho kuhakikisha hakuna waya wala bomba la breki linalovutika. Hili la mwisho lisirukwe. Waya wa klachi unaovutika usukani ukiwa umekatwa hadi mwisho unaweza kukuachia gia ukiwa katikati ya makutano.

Kilomita 19,102

Ganzi imekwisha. Boli mbili.

Kilomita 19,640. Cheni

Leo nimeshughulikia cheni kwa mara ya kwanza mwenyewe, na nataka kuandika kwa kirefu kwa sababu ndicho kitu kinachodai zaidi kwa anayeendesha kila siku.

Cheni za siku hizi zina vipete vidogo vya mpira kila kiungo, vinavyofungia grisi ndani. Kwa hiyo kuilainisha kwa nje kunalinda vile vipete visikauke, kunazuia kutu, na kunalainisha pale roli zinapogusana na meno ya sproketi, yale magurudumu yanayoshika cheni. Brashi ya chuma huvikata, na petroli huvikausha, na vikishakwenda, grisi ya ndani hutoka na cheni huanza kurefuka. Natumia mafuta ya taa, brashi laini na kitambaa, kisha mafuta ya cheni upande wa ndani ili yasambae kwa mzunguko. Nafanya hivyo jioni, cheni ikiwa bado ya moto, ili asubuhi iwe imeshakauka na isirushe. Injini imezimwa, gurudumu nalizungusha kwa mkono. Wapo wanaoiacha injini ikizungusha gurudumu kwenye gia ya kwanza huku wakipaka mafuta, na wapo waliopoteza vidole kwa njia hiyo.

Ulegevu nilioupima ulikuwa milimita 52. Kitabu kinataka 30 hadi 40, ikiwa kwenye stendi ya pembeni bila mtu juu. Nilizungusha gurudumu na kupima sehemu nne, maana cheni iliyozeeka hailegei sawa kila mahali, nikarekebisha kwa kufuata ile sehemu iliyokaza zaidi. Ukiirekebisha kwa sehemu iliyolegea, ile iliyokaza itakazwa kupita kiasi, na ukikaa na abiria, gurudumu likipanda, cheni haina pa kwenda. Inavuta beringi ya shafti inayotoka kwenye gia, na kuibadilisha hiyo ni kufungua injini.

Saa nzima imekwisha. Naamini nitafika dakika 20 nikizoea. Nimeandika kwenye ukuta wa banda: kila kilomita 700, na kila baada ya mvua.

Kuna wanaosema ndiyo sababu ya kununua pikipiki ya shafti, yenye fimbo ya chuma badala ya cheni. Ni kweli shafti haina haya yote, nayo huongeza uzito na bei. Mimi nimeanza kuipenda hii kazi. Ukichuchumaa pale nyuma kwa dakika 20 unaona mengine: boli iliyolegea, tairi lenye msumari, tone la oili lisilotakiwa.

Kilomita 20,315. Masikio

Jumapili nilikwenda kilomita 210 kwa siku moja, mtihani mdogo. Mgongo mzima, mikono mizima. Nilipozima injini nyumbani, masikio yaliendelea kuvuma hadi usiku.

Nilidhani ni kelele za injini. Ni upepo. Kwenye mwendo wa kilomita 100 kwa saa, mvumo wa upepo ndani ya kofia hufika takriban desibeli 100, hata kofia ikiwa nzuri. Kiwango kinachopendekezwa na NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama kazini, ni desibeli 85 kwa saa 8, na kila zinapoongezeka 3 muda hupungua kwa nusu. Kwa desibeli 100 inabaki robo saa. Na usikivu uliopotea kwa kelele haurudi.

Tangu leo nina vizibo vya sponji kwenye mfuko wa jaketi, na vingine kwenye begi la tenki. Nilihofia kwamba sitasikia magari. Nimekuta nasikia honi na injini za wengine vizuri zaidi, kwa kuwa ule mvumo mkubwa uliokuwa ukifunika kila kitu umepungua. Na nimefika nikiwa na nguvu.

Kioo cha upepo nacho nimekijaribu. Kikiwa juu, upepo uliokatika ulinipiga sawasawa na macho, kichwa kikatikisika. Nimekishusha ngazi moja, sasa unanipiga kifuani kwa ulaini na kichwa kimetulia. Mtu mwenye kiwiliwili kirefu kuliko changu angekipandisha.

Kilomita 21,050

Imeanguka, ikiwa imesimama. Niliiegesha kwenye mteremko mdogo, ikiwa huru, stendi ya pembeni ikiangalia juu. Ilisogea kwa sentimita chache, stendi ikajikunja, ikalala. Mkono wa klachi umevunjika ncha, kioo cha pembeni kimepasuka.

Niliiinua hivi: nikazima swichi, nikageuza usukani hadi mwisho kuelekea ardhini, nikaipa mgongo, makalio kwenye kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye keria, nikarudi nyuma kwa hatua fupi kwa nguvu ya mapaja. Ilisimama. Kilo 197 naziweza peke yangu. Nilipokuwa nimepiga magoti nikiokota vipande vya kioo niliifikiria ile ya cc 650 na kushukuru.

Kuanzia sasa: kwenye mteremko, gia ya kwanza ndani, na mbele ielekee juu. Mikono ya akiba ya klachi na breki nimeshaagiza, itakaa chini ya kiti.

Kilomita 22,486. Makutano

Asubuhi ya leo gari lilinikatia mbele kwenye makutano. Dereva aliniangalia usoni, nina hakika aliniangalia, na bado aliingia. Nilishika breki zote mbili kwa hofu, mfumo wa ABS, unaozuia magurudumu yasifunge, ukanguruma chini ya mguu na vidole, nikasimama nikiwa na hatua mbili tu hadi kwenye mlango wake. Alinyanyua mkono kuomba radhi. Mikono yangu ilitetemeka hadi kazini, na nimekaa kwenye kiti changu cha ofisi kwa nusu saa bila kufanya lolote.

Jioni nilirudi kusoma muhtasari wa utafiti wa Harry Hurt wa Chuo Kikuu cha Southern California, uliotolewa mwaka 1981 baada ya kuchunguza ajali za pikipiki zipatazo 900 papo hapo zilipotokea. Katika ajali zilizohusisha chombo kingine, theluthi mbili zilitokea kwa sababu dereva wa chombo hicho hakuiachia pikipiki haki yake ya kupita. Mwendeshaji, kwa kawaida, alikuwa na sekunde chini ya 2 za kufanya jambo. Na wengi walilofanya lilikuwa lilelile: kukandamiza breki ya nyuma hadi gurudumu linaburuzika, na kuitumia ya mbele kidogo mno.

ABS imekuwapo kwenye pikipiki tangu BMW ilipoifunga kwenye K100 mwaka 1988, na Ulaya sasa pikipiki mpya ya barabarani ya zaidi ya cc 125 ni lazima iwe na ABS. Ningeambiwa nitoe kila kitu kwenye hii yangu na kubakisha kimoja, ningebakisha hicho. Lakini ABS inazuia gurudumu lisifunge. Haikufundishi kukandamiza.

Kilomita 22,540

Jumamosi, uwanja mtupu wa lami. Niliweka jiwe, nikaja kwa 50, nikaanza kushika breki kwenye jiwe. Mara ya kwanza nilisimama mita 21 mbele. Niligundua kosa langu kwa kujirudia: nilikuwa narukia breki ya mbele. Ukiirukia, shokapu za mbele zinazama ghafla kabla uzito haujahamia kwenye tairi. Unatakiwa kuibana kama unavyokamua kitambaa, kwa kasi lakini kwa kuongeza, ili uzito utangulie, tairi lisambae ardhini, kisha ulipe nguvu yote. Baada ya saa moja nilikuwa nasimama kwenye mita 14.

Mita 7 ni urefu wa gari na zaidi. Na kwa mwendo wa 70, umbali wa kusimama huwa karibu mara mbili ya ule wa 50, kwa mshiko uleule. Kwa mwendo wa 50 mtu anatumia mita karibu 14 kwa kila sekunde moja ya kushangaa. Sasa nikikaribia makutano, vidole viwili viko kwenye breki tayari na ninaangalia magurudumu ya gari, siangalii uso wa dereva. Gurudumu likianza kuzunguka, naliona.

Kila Jumamosi ya kwanza ya mwezi nitarudi kwenye uwanja ule.

Kilomita 23,790. Maandalizi

Likizo ya siku 4 imekubaliwa. Mzigo wangu ulikuwa kilo 41 nilipoupima mara ya kwanza. Niliutandaza sakafuni, nikaondoa kila nilichokiwekea neno “huenda”. Kilo 26 zimebaki: hema, nguo, suti ya mvua, vifaa, maji.

Nimechagua mabegi laini. Ya chuma yana kufuli na yanazuia vumbi, lakini yanaongeza upana kwenye foleni kila siku kama sitayatoa, na mguu ukinaswa chini yake kwenye changarawe, unavunjika. Vizito vimekaa chini na mbele, karibu na goti langu: vifaa na maji. Hema limelala juu ya keria kwa kuwa ni jepesi. Uzito ulio nyuma ya ekseli ya nyuma huinua mbele, na usukani huanza kuyumba ukikimbia.

Kisha springi ya nyuma. Nilipima urefu kutoka ekseli hadi alama kwenye keria pikipiki ikiwa imening’inia, kisha nikiwa nimekaa juu na mzigo wote, rafiki akisoma tepu. Shokapu inatakiwa ishuke karibu theluthi moja ya urefu wake wa kufanya kazi. Yangu ilikuwa imeshuka karibu nusu. Ngazi tatu za kukaza zikairudisha. Bila hilo taa ya mbele ingemulika angani na pikipiki ingegeuka kwa uvivu. Upepo wa tairi la nyuma, kutoka PSI 36 hadi 41, nimepima asubuhi tairi likiwa baridi, kwa sababu likipata joto geji inadanganya.

Kilomita 24,006 hadi 24,348. Siku ya kwanza

Lami, jua. Nilikaa kwenye 90 na injini ilikuwa haisikiki. Kila dakika 70 nasimama, navua kofia, nakunywa maji, natembea. Ulaji lita 3.4 kwa kilomita 100.

Kilomita 24,614. Siku ya pili

Hii ndiyo siku niliyokuwa naiota kwenye daftari.

Barabara ya mlimani, nusu yake changarawe. Nilipunguza, nikasimama kwenye vikanyagio, magoti yakibana tenki, mikono imelegea kabisa. Usukani ulicheza wenyewe chini ya viganja vyangu na nikauacha ucheze, maana gurudumu la mbele likipata nafasi hujitafutia njia, na ukilikamata kwa nguvu ndipo linapoanguka. Macho mbali, mita 30 au zaidi. Nilipoliangalia jiwe, nilikwenda kwenye jiwe. Nilipoangalia pengo kando yake, nilipita.

Kwenye kona za lami nilizokutana nazo juu, niliisikia pikipiki kama ninavyoisikia kila asubuhi. Nasukuma usukani kwa mkono wa kushoto, inalala kushoto. Najua italala kiasi gani, najua gia ya tatu itanitoa vipi. Sikujifunza hilo mlimani. Nilijifunza kwenye mzunguko ulio karibu na kazini kwangu, mara mbili kwa siku kwa miezi mitano, na mlima ukalipokea. Nilisimama kileleni nikaizima. Chuma kilikuwa kikilia tik, tik kikipoa, na nilikaa pale hadi kikanyamaza.

Kilomita 24,828. Siku ya tatu

Mvua tangu alfajiri, nyuzi 9. Kwenye mwendo wa 90, ngozi inaona hiyo kama nyuzi 3. Suti ya mvua ilifanya kazi, glavu hazikufanya. Vidole vilipoacha kuhisi mkono wa klachi nilisimama mapema, saa nane mchana, nikaifunga siku. Mwenye vidole visivyohisi hana breki.

Dakika za mwanzo za mvua ndizo mbaya zaidi, oili na vumbi vya barabarani vinapoinuka kabla ya kuoshwa. Michoro ya rangi na vifuniko vya chuma nilivivuka pikipiki ikiwa wima, bila kugusa breki. Kioo cha kofia kina kioo cha pili cha ndani, hivyo hakikupata ukungu.

Na pancha. Skrubu, nyuma. Rimu zangu ni za kumiminwa, hazina spoku, na tairi halina tyubu, jambo nililoliweka kwenye orodha ya kununua kwa ajili ya siku kama hii. Nikatoa skrubu, nikachokonoa tundu, nikasukuma kamba ya mpira yenye gundi, nikakata ncha, pampu ndogo ikajaza. Dakika 25, mvua ikinipiga mgongoni. Ingekuwa ya tyubu ningevua gurudumu zima. Niliendelea kwa 70, nikisimama kila kilomita 20 kupima.

Kilomita 25,188. Nyumbani

Kilomita 1,182. Siku ya mwisho nilikuwa na haraka nikakaa kwenye 115 kwa saa mbili: ulaji ukapanda hadi lita 4.5. Hewa inakuzuia kwa mraba wa mwendo wako. Kwa tenki langu la lita 17, hiyo ni tofauti ya kufika kilomita 500 au kuishia chini ya 380, na nilifika nusu saa hivi tu mapema kuliko ambavyo ningefika kwa 90.

Fundi ameng’oa ile kamba na kubandika kiraka kwa ndani. Ameniambia nimeweka vizuri. Sijawahi kumsikia akisema hivyo kwa mtu.

Kilomita 26,330

Mwenzangu kazini aliniazima pikipiki yake ya cc 1,200, ya shafti, kilo 250 na zaidi. Tulibadilishana kwa siku nzima. Kwenye barabara kuu ni kiti cha enzi: unakunja mkono kidogo tu na milima inakuja yenyewe, upepo haukugusi. Nilimwonea fahari kuwa nayo.

Jioni nilifika uani kwangu, nikasimama mbele ya ule mteremko mdogo. Nilihitaji kuirudisha nyuma mita nne. Nilifika nusu, nikapumzika, nikamwita mdogo wangu atoke anisaidie. Mwenzangu alipokuja kuchukua yake alisema nusu ya siku za kazi huiacha nyumbani na kuja kwa gari, kwa sababu hiyohiyo. Yake ina kilomita 11,000 kwa miaka sita. Nimeirudisha yake, na yangu nimeisukuma ndani kwa mkono mmoja kwenye usukani na nyonga kwenye kiti, kama kila jioni.

Kilomita 27,415

Asubuhi ya baridi ilizunguka kwa uvivu, ikawaka kwa shida. Betri ikiwa imetulia ilisoma volti 12.3, wakati iliyojaa husoma karibu 12.7. Injini ikiwaka, volti 14.3, kwa hiyo chaji inaingia vizuri. Ni betri yenyewe iliyozeeka. Nimeibadilisha leoleo, sitasubiri initupe mbali. Pedi za breki za mbele zimebaki chini ya milimita 2, nazo nimezibadilisha.

Kilomita 28,030

Cheni imefika mwisho. Niliivuta kwa vidole pale nyuma ya sproketi, ikanyanyuka hadi nikaona nusu ya jino, na meno yenyewe yamelala upande mmoja kama ya msumeno. Nimebadilisha vyote vitatu kwa pamoja, cheni na sproketi zote mbili, maana cheni mpya juu ya meno mabovu huharibika ndani ya wiki chache. Fundi alisimama pembeni, mikono nyuma, akaniacha nifanye. Alisogea mara moja tu, kukagua pini ya kiungo.

Leo nimekwenda nayo kazini. Kimya kilichotoka nyuma kilinifanya nidhani nimesahau kitu.

Jumamosi naanza na uwanja wa breki asubuhi, kisha nafungua kifuniko cha valvu kupima nafasi zake, injini ikiwa baridi kabisa. Vile vipimo vyembamba vya chuma nimeshaazima kwa mzee, na gasketi mpya ipo mezani.